Kikomo cha Sauti Kwenye Simu na Vicheza Muziki: Dalili, Sababu na Marekebisho

Watu wengi wanaoweka kikomo cha sauti kwenye simu huchagua namba inayoonekana ya busara, mara nyingi asilimia 60, wakaifunga kwa namba ya siri na kudhani kwamba kazi imekwisha. Baada ya wiki moja masikio bado yanavuma, au kijana bado anaitwa mara tatu ndipo aitike, na lawama zote zinakwenda kwa simu. Kwa sehemu kubwa simu haina kosa. Asilimia hiyo inaonyesha tu hatua ambayo simu imefikia kati ya kimya na mwisho wake, wala haielezi sauti inayofika kwenye ngoma ya sikio. Sauti inayofika huko inategemea eafoni zilizochomekwa, wimbo ulivyorekodiwa na kelele za mahali ulipo. Kwa hiyo kikomo huwekwa kwa kifaa pamoja na eafoni zake, tena kwa mahali unaposikilizia, na ndiyo maana kikomo kinachokutosha chumbani Iyunga kinaweza kukushinda ndani ya kosta ya Tukuyu.

Kipimo cha kuanzia ni hiki. Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, limeweka kiwango kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa, na kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Desibeli haziongezeki kama kilo za mchele. Kila zinapopanda 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 83 muda unabaki saa 20 kwa wiki, kwenye 86 saa 10, kwenye 89 saa 5, kwenye 92 saa mbili na nusu, na kwenye 101 unabaki na takriban dakika 19 kwa wiki nzima. Anayepanda basi Mbeya alfajiri kwenda Dar es Salaam na kusikiliza muziki wa desibeli 86 njia nzima, jioni akishuka amekwisha kutumia posho yake yote ya wiki, na hapo hajahesabu siku nyingine sita.

Masikio yanavuma, au yanahisi kama yamezibwa

Dalili hii ina sababu zaidi ya moja, na katika mikoa yetu ya milimani ni rahisi kuichanganya. Basi linapopanda au kushuka mlima Kitonga, shinikizo la hewa hubadilika haraka kuliko sikio linavyoweza kusawazisha, na abiria huhisi masikio yameziba hata kama hakuvaa eafoni kabisa. Mzibo wa namna hiyo kwa kawaida hufunguka ndani ya muda mfupi ukimeza mate, ukipiga miayo au ukitafuna kitu. Mwenye mafua, ambayo hayakosekani Njombe na Makete katika miezi ya baridi, atachelewa kufunguka kwa sababu mrija unaounganisha sikio la kati na koo umevimba. Nta ya masikio nayo huziba, hasa kwa wanaotumia eafoni za kuchomeka ndani ya tundu, kwa kuwa eafoni husukuma nta ndani kila inapoingizwa. Nta huziba zaidi upande mmoja na haipungui kwa kupumzika.

Uchovu unaotokana na sauti kubwa una alama zake. Huanza baada ya kuvua eafoni, mara nyingi masikio yote mawili, na huambatana na mlio mwembamba unaosikika zaidi chumba kinapokuwa kimya. Watu wanaoongea karibu nawe husikika kana kwamba wamefunika midomo kwa blanketi. Kinachotokea ni kwamba seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva, zimefanyishwa kazi kupita uwezo wake. Zikipumzishwa mapema hurudi katika hali yake, lakini zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Ukiona alama hizo, acha eafoni mpaka mlio uishe kabisa, kisha urudi kwenye kikomo na kukishusha. Mlio uliotokea hata mara moja ni ushahidi kwamba kikomo chako kiko juu mno kwa muda unaosikiliza, hata kama kiko kwenye asilimia 50. Hapa sikubaliani na mafundi wanaomwambia mteja kwamba chini ya asilimia 60 hakuna tatizo. Kanuni ya asilimia 60 ni mahali pa kuanzia tu, nayo inafaa kwa mtu ambaye bado hajakagua eafoni zake.

Kikomo kimewekwa, lakini sauti bado ni kubwa

Hili ndilo lalamiko linalorudi zaidi, na sababu ya kwanza ya kukagua ni eafoni zenyewe. Angalia boksi lake, au karatasi ndogo iliyokuja nalo, utafute maandishi ya usikivu yanayoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati. Eafoni moja inaweza kuandikwa 100 na nyingine 110, zote zikifanana kwa bei na rangi. Tofauti hiyo ya 10 inatosha kugeuza desibeli 80 kuwa 90 bila wewe kugusa kitufe chochote, na muda wako salama ukashuka kutoka saa 40 hadi saa 4 kwa wiki. Aliyeweka kikomo akiwa na eafoni za zamani, kisha zikakatika waya akanunua nyingine barabarani Mwanjelwa, hana tena kikomo alichokuwa nacho. Ana namba tu. Eafoni za bei ya chini ambazo hazikuja na boksi hazina njia ya kujulikana isipokuwa kuzijaribu upya, kama ilivyoelezwa hapa chini.

Sababu ya pili ni Bluetooth. Eafoni zisizo na waya zina kikuza sauti chao ndani yake, na simu inaweza kuwasiliana nazo kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza simu na eafoni zinatumia kiwango kimoja, yaani ukibonyeza kitufe cha eafoni, mstari wa sauti kwenye skrini unasogea. Katika njia ya pili kila kimoja kina kiwango chake, na simu iliyofungwa kwenye kikomo inatuma sauti ya wastani ambayo eafoni zinaikuza tena kadiri zinavyotaka. Kujua uko kwenye njia ipi ni rahisi: washa wimbo, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti kilichoko kwenye eafoni, na utazame skrini. Ikiwa sauti inapanda masikioni lakini mstari hausogei, una viwango viwili. Kwenye simu za Android kiwango hicho cha pamoja kinaweza kuzimwa au kuwashwa katika menyu ya wasanidi programu, na wapo watu waliokizima kwa kufuata ushauri wa mtandaoni ili wapate sauti zaidi. Kirudishe. Kama eafoni zako hazikubali kiwango cha pamoja, pandisha sauti ya eafoni hadi mwisho kwanza, kisha weka kikomo cha simu ukiwa katika hali hiyo, ili hata mtu akibonyeza eafoni asipate pa kwenda.

Tatu ni ikwalaiza, yaani sehemu ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba za wimbo, na programu za kuongeza sauti. Ikwalaiza iliyopandishwa besi huongeza nguvu halisi inayofika sikioni, ingawa kikomo kinaonekana kiko pale pale, kwa sababu kikomo cha simu hufunga ngazi za sauti na si kile kinachofanyika kwenye wimbo kabla ya kufika kwenye ngazi hizo. Programu za kuongeza sauti zinafanya jambo hilo hilo waziwazi. Ziondoe.

Nne, kwenye simu nyingi kikomo kinahusu muziki na video tu. Sauti ya maongezi ya simu ina ngazi yake, na mtu anayezungumza kwa saa nzima akiwa amevaa eafoni anaweza kuwa nje ya kikomo bila kujua.

Mwisho kuna wimbo wenyewe. Nyimbo za miongo ya karibuni hurekodiwa kwa sauti iliyobanwa na kusukumwa juu, wakati rekodi za zamani za dansi na kwaya nyingi zilizorekodiwa kanisani ziko chini kwa kiasi kikubwa. Mtu anayeweka kikomo akisikiliza kwaya atakiweka juu, na siku memori kadi itakaporuka kwenda kwenye Bongo Fleva atapigwa na sauti ambayo hakuiruhusu. Programu kadhaa za muziki zina sehemu ya kusawazisha sauti za nyimbo. Iwashe kama ipo.

Baada ya kukagua hayo, kikomo kiwekwe upya kwa utaratibu huu. Kaa katika chumba kimya, ikiwezekana usiku, ukiwa na eafoni unazozitumia kila siku. Chagua wimbo wenye sauti kubwa kuliko zote ulizonazo, shusha sauti hadi sifuri, kisha upandishe ngazi moja moja mpaka pale maneno yanapoeleweka vizuri, na usimame hapo. Mwombe mtu akae umbali wa mkono ulionyooshwa na azungumze kwa sauti ya kawaida. Ikiwa humsikii kabisa, shuka ngazi moja au mbili na umwombe azungumze tena. Ngazi uliyofikia ndiyo kikomo. Kifunge, kisha jaribu kukivunja wewe mwenyewe kwa vitufe vyote, vya simu na vya eafoni, kabla ya kuamini kwamba kimefungwa.

Kikomo kinafanya kazi, lakini sauti haitoshi

Wanaolalamika hivi kwa kawaida hawako chumbani. Wako ndani ya basi, wako karibu na mashine ya kusaga, au wako Tukuyu chini ya bati wakati mvua inanyesha. Mvua ya Rungwe ikipiga bati hufunika hata maongezi ya watu waliokaa meza moja, na aliyevaa eafoni hupandisha sauti bila kufikiri. Mvua ikikata, sauti inabaki pale ilipopandishwa, kwa kuwa sikio limekwisha kuizoea. Kikomo kimewekwa kwa ajili ya nyakati kama hizo, hivyo kutotosha kwake hapo hakumaanishi kwamba kimekosewa.

Dawa ya kelele za nje ni kuzizuia zisiingie. Eafoni za kuchomeka huja na vifuniko vya mpira vya ukubwa tofauti, na watu wengi hutumia vile vilivyokuja vimevalishwa, hata kama ni vidogo. Jaribu vikubwa zaidi. Kikikaa sawasawa utasikia kelele za nje zinapungua kabla hata ya kuwasha muziki, na besi itaongezeka yenyewe. Hedifoni zinazofunika sikio lote hufanya vizuri pia, na zile zenye kuzima kelele kwa umeme hufaa zaidi kwenye basi, kwa kuwa zina uwezo mkubwa dhidi ya mngurumo mzito wa injini. Wala zisivaliwe na dereva wa bodaboda au mtu anayetembea kandokando ya barabara kuu, ambako lori la Tunduma linapaswa kusikika.

Kwa wanaofanya kazi kwenye mashine za mbao Mafinga na kwingineko Mufindi, shauri ni jingine. Msumeno wa mnyororo hutoa sauti ya takriban desibeli 110 kwa anayeushika. Hakuna muziki unaoweza kusikika salama juu ya sauti hiyo, na eafoni za kawaida hazihesabiwi kuwa kinga. Kelele za mashine na muziki wa jioni zinaingia katika hesabu moja ya wiki, na mashine peke yake inaweza kuimaliza hesabu hiyo ndani ya dakika chache. Vaa vizuia kelele vya kazini, na muziki uusikilize baada ya kazi kwa sauti ya chini.

Ikiwa sauti haitoshi hata chumbani, kagua wavu mdogo wa eafoni. Nta na vumbi huziba matundu yake, na kwa kawaida upande mmoja huathirika zaidi. Usafishe kwa brashi kavu ya meno, eafoni ikiwa imeelekezwa chini ili uchafu uanguke nje. Badilisha eafoni kulia na kushoto: kama upande dhaifu umehama pamoja na eafoni, tatizo ni la eafoni, na kama umebaki kwenye sikio lile lile, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu kabla ya kugusa kikomo.

Sehemu ya kuweka kikomo haionekani

Kwenye iPhone, kikomo kiko ndani ya mipangilio ya sauti, katika ukurasa wa usalama wa hedifoni. Ukiwasha upunguzaji wa sauti kubwa utapata mstari unaosogezwa kutoka desibeli 75 hadi 100. Kwa matumizi ya kawaida usizidi 80. Ifahamike kwamba simu hiyo inapima vizuri zaidi eafoni za kampuni yake. Kwa nyingine inakadiria, kwa hiyo jaribio la chumbani bado linahitajika. Kwenye simu nyingi za Samsung, fungua mipangilio ya sauti na mtetemo, ingia kwenye ukurasa wa viwango vya sauti, gusa nukta tatu zilizo juu, na utaona kikomo cha sauti ya midia pamoja na nafasi ya kuweka namba ya siri. Walkman za Sony zina kipengele kinachoitwa AVLS, kinachozuia sauti isipande mno. iPod za zamani, kuanzia matoleo yaliyopata programu mpya mwaka 2006, zina kikomo kinachofungwa kwa tarakimu.

Simu nyingine za Android zinazouzwa sana kwetu hazina kikomo halisi. Zina onyo tu, ambalo mtu huligusa na kuendelea. Simu za kitochi na vicheza muziki vidogo vya memori kadi havina hata onyo. Kwa vifaa hivyo kizuizi kiwekwe kwenye waya. Njia nyepesi ni kununua eafoni zenye kigurudumu cha sauti kwenye waya, lakini kigurudumu hurudishwa juu na mtumiaji yeyote. Njia ya kudumu ni kumpa fundi waya wa kurefusha eafoni aweke ndani yake rezista mbili, yaani vipande vidogo vinavyopunguza umeme unaofika kwenye eafoni, moja kwenye waya wa kushoto na moja kwenye wa kulia, bila kugusa waya wa pamoja. Kwa eafoni za omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), rezista za omu 33, zenye mistari miwili ya rangi ya chungwa na mmoja mweusi, hushusha sauti kwa takriban desibeli 6, na desibeli 6 zinaongeza muda salama mara nne. Rezista za omu 100 hushusha takriban 12. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi, na ni nafuu kuliko eafoni mpya.

Simu inashusha sauti yenyewe, au inatoa onyo mara kwa mara

Hii mara nyingi hutokea kwa simu za mtumba zilizotoka Ulaya. Sheria za huko zinataka kifaa kianze na kiwango cha desibeli 85, kimwonye mtumiaji anapotaka kupita hapo, kirudie onyo baada ya saa 20 za kusikiliza, na kisizidi desibeli 100 kwa namna yoyote. Ufaransa ilikuwa na kikomo chake tangu miaka ya 1990, na mwaka 2002 iPod ziliondolewa kwa muda katika maduka ya huko kwa sababu zilikuwa zinakipita. Kwa hiyo simu mbili za aina moja, moja ikiwa imetengenezwa kwa soko la Ulaya na nyingine kwa soko jingine, zinaweza kutofautiana bila kuwa na ubovu. Mafundi wanaoahidi kuiondoa hali hiyo kwa kubadilisha programu ya simu wanakuuzia hasara.

Onyo linalosema umefikisha kiwango cha siku saba ni jambo tofauti na la hapo juu. Simu imejumlisha sauti na muda wa wiki nzima, na kushusha ngazi moja leo hakutalifuta mara moja.

Mtoto anakiondoa kikomo

Kikomo kisicho na namba ya siri ni ombi tu. Weka namba tofauti na ile ya kufungulia simu, kwa kuwa watoto huijua ya kufungulia simu kabla ya wazazi kuizoea. Kwenye iPhone, mabadiliko ya kikomo hufungwa kupitia sehemu ya muda wa kutumia skrini. Hedifoni za watoto zilizoandikwa desibeli 85 zijaribiwe kwanza chumbani kama nyingine, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi si kipimo, na hata zikiwa za kweli, desibeli 85 ni 10 zaidi ya kiwango cha mtoto.

Marekebisho yote yamefanyika na dalili haziondoki

Hapo tatizo limetoka kwenye kifaa na kuhamia kwenye sikio. Upotevu wa usikivu unaotokana na sauti kubwa huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde, kwa hiyo mtu husikia kwamba anasemeshwa lakini herufi kama s, f na sh zinampotea, hasa kwa sauti za wanawake na watoto au penye watu wengi. Anayeongeza sauti ya simu ili azipate anaongeza pia uharibifu.

Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, usisubiri wala usiweke mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa hali hiyo ina tiba inayofanya kazi zaidi ikianzishwa mapema. Kwa mlio usiokwisha au usikivu uliopungua polepole, omba kipimo cha usikivu katika kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa, na ukae mbali na eafoni, mashine na sabufa kwa walau saa 16 kabla ya kipimo, la sivyo mashine itasoma uchovu wa jana badala ya hali halisi ya sikio lako.